Kanda Chini ya Kofia

Kuna watu wanakwenda kupumzika, na kuna watu wanahamisha kazi tu. Fundi Redio alikuwa wa kundi la pili, na mkewe alilijua hilo tangu enzi za uchumba. Ndiyo maana Ijumaa ile asubuhi, kabla hawajatoka, alimsimamisha mlangoni akampekua kama askari wa forodha. Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa shati. Akatoa nyingine ndani ya soksi. Akatoa na kipande cha waya ambacho mwenyewe hakukumbuka kilifikaje mfukoni. Vyote akavipanga juu ya kabati, akamtazama mumewe, akatikisa kichwa.

Hakusema neno. Na hapo ndipo palipokuwa na mambo.

Maana mwanamke huyu, jamani, alikuwa wa kusema! Mwalimu wa chekechea miaka ishirini na minane, watoto arobaini kwa mpigo, hana kengele wala filimbi. Akiita kutoka darasani, hata watoto wa mtaa wa pili wanapanga mstari. Majirani walimbandika jina la Tarumbeta, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kwa sauti hiyohiyo alimlea binti yao wa pekee, akatimua vibaka wawili, na akamwita mumewe kula kila siku iendayo kwa Mungu. Mumewe naye amempa mgongo. Meza yake ya kazi ilitazama ukuta, masikioni kavaa visikilizio, mkononi kashika chuma cha kulehemu. "Fundi! Fundi! Wewe Fundi, chakula kinageuka mawe huku!" Mara ya tatu ndiyo aliyogeukia. Si ya kwanza, si ya pili. Ya tatu, kila siku.

Sasa uvimbe ulikuwa umeota kooni. Daktari alieleza bila kuzunguka: Jumatatu koromeo linatolewa, mgonjwa anapona, ila sauti inaondoka na koromeo na hairudi. "Na hii iliyobaki," aliongeza, "ichukulie kama kipande cha sabuni. Ukiisugua sana, itaisha hata kabla ya Jumatatu."

Binti yao, muuguzi mwenye mimba ya miezi minane, ndiye aliyewatafutia nyumba ndogo kando ya ziwa, huko mashambani. Siku mbili, mume na mke, simu zibaki kwake, wapumzike. Na ndiye aliyemvuta baba yake pembeni.

"Baba, mrekodi Mama. Chochote tu. Hata akigomba." Akajigusa tumbo. "Huyu atamjua bibi yake kwa picha peke yake?"

"Si alishakataa?"

"Ndiyo nakwambia wewe."

Na kweli alishakataa. Ujumbe wa sauti hakuwahi kutuma hata mmoja, alisema yeye haongei na kioo, anaongea na mtu. Wiki mbili nyuma binti alipogusia habari ya kurekodi, Tarumbeta aliwaka. "Mnirekodi kama marehemu? Sijafa! Atakayeniletea mashine nitampiga nayo."

Basi Fundi akafanya anachokijua. Kwenye rafu ya vitu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvifuata palikuwa na kinasa sauti kidogo cha kaseti, cha betri. Akakisafisha, akakibadilishia mkanda wa mpira, akakijaribu kama anavyojaribu kila kinachopita mikononi mwake: rudisha kanda mwanzo, bonyeza kitufe chekundu na cha kuchezea kwa pamoja, sema "moja, mbili, tatu, asante," rudisha tena. Miaka thelathini vidole viwili vile vilikwenda pamoja kama mapacha wanaopelekwa shule. Hakuwa mtu wa kusikiliza kanda, huyu. Alikuwa mtu wa kuzipima. Akakiviringisha kwenye taulo na kukizika chini kabisa ya kikapu. Tarumbeta alipekua mifuko na soksi, kikapu hakukigusa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chumba kimoja, jiko na baraza la mbao lililotazama maji. Mbele ya baraza majani, mbele ya majani matete, katikati ya matete gati jembamba la mbao linaloingia ziwani hatua kumi na tano hivi. Mama mtunza nyumba aliwakabidhi ufunguo, akawaomba radhi: bomba la bafuni linadondoka, mlango wa baraza haufungi vizuri. Mikono ya Fundi ikaanza kuwasha hapo hapo. Mkewe akamshika kiganja, akakitia mfukoni mwake, akakibana.

Wakakaa barazani, wakatazama ziwa. Maji yametulia, ndege wanajisemea mambo yao. Uzuri ulikuwepo, tena mwingi, lakini Fundi hakuuona vizuri. Miaka yote aliomba kimya, akikiomba kwa kunung'unika na kwa kuongeza sauti ya redio. Leo amepewa, na kilimkaa kama kiatu cha mtu mwingine.

"Unaumwa?" aliuliza.

Akatikisa kichwa.

"Umenikasirikia?"

Akatikisa tena, akitabasamu.

"Basi sema hata moja, Mama. Sema hata 'nyamaza'."

Akaweka kidole mdomoni, kisha akanyoosha mkono kuelekea majini, kule jua lilikoanza kushuka. Kisha akafanya ishara fulani kwa kiganja, kama mtu anayejifunika au anayekunywa, Fundi hakujua. Akaenda ndani akamletea shuka. Alilipokea, akalitazama, akajifunika miguu.

Jumamosi Fundi aliamka na mkakati. Binti alisema hata akigomba, na katika dunia hii hakuna aliyejua kumgombesha Tarumbeta kuliko yeye. Shahada ya kazi hiyo alikuwa nayo. Akaweka kinasa sauti juu ya meza ya baraza, akakifunika kwa kofia yake pana ya ukili yenye tundu. Kila alipobonyeza vitufe alikohoa ili mlio usisikike.

Akaanza na chai. Aliivuta chai ile kwa kishindo mpaka ndege wakaruka kutoka kwenye matete. Nyumbani hapo angeambiwa, "Wewe unakunywa au unavuta maji kisimani?" Mkewe akamsogezea leso afute mdomo. Akakohoa, akarudisha kanda mwanzo. Akaenda kuoga, akaacha taulo bichi katikati ya kitanda. Mkewe akalichukua, akalianika kwenye kamba. Akakohoa, akarudisha kanda. Sasa akatoa silaha ya mwisho: alitembea kwenye tope la ukingoni, akarudi, akaviweka viatu juu ya kitanda. Juu ya mto! Nyumbani kwao hiyo ni vita, majirani wangekuja kuamulia. Tarumbeta alivitazama viatu, akamtazama na mwenye viatu, kwa ile huruma anayomtazamia mtoto aliyejikojolea darasani. Akaviondoa, akavigonga tope, akavipanga mlangoni.

"Dada yako anapika vizuri kuliko wewe," Fundi akasema kwa kukata tamaa. "Nimelificha siku nyingi."

Mkewe akacheka. Mabega yakatikisika, machozi yakamtoka, na hakuna sauti iliyosikika hata chembe.

Fundi akaenda nyuma ya nyumba akasimama akitazama ukuta. Mtu wa kutengeneza kila kitu, anayeletewa sanduku la vyuma vilivyokufa akalirudisha likiimba, alikuwa ameshindwa kumtoa mkewe sentensi moja. Zilibaki siku moja na nusu, na kanda yake ilikuwa na kikohozi tu.

Mchana walikaa tena kwenye viti viwili. Alikuwa amerudisha kanda mwanzo kwa mara ya nne, amebonyeza, amekohoa. Akawa anawaza kituko cha tano, na moyoni ana wasiwasi kama kanda inazunguka kweli, maana ule mpira alioubadilisha ulikuwa wa kubahatisha. Akainamia kofia kidogo, akatega sikio. Ndipo sauti ilipomwangukia.

"Fundi!"

Aliruka. Ilikuwa na mikwaruzo kama redio iliyokosa stesheni, lakini ilikuwa yenyewe.

"Hivi hayo ni macho au matundu ya kupitishia hewa? Nimepiga kiti hiki mara tatu. Mara tatu! Bata kapita hapa na watoto wake tisa, wa mwisho anajikongoja nyuma peke yake, nikataka uone. Basi, uone tu! Wamepita wote. Wewe umeikodolea macho kofia. Ina nini hiyo kofia, imeota meno?"

Moyo wa Fundi uliruka kwa furaha, aibu iliyoje. Macho yakamponyoka tena kuelekea mezani.

"Usiangalie kofia, niangalie mimi! Toka asubuhi vituko. Viatu kwenye mto, mara taulo, mara dada yangu. Dada yangu anayeunguza hata maji! Unadhani sikukujua? Ulikuwa unataka nikugombeze. Miaka yote nikisema unaongeza redio, leo kelele zangu zimekuwa asali?"

"Mama, polepole, hiyo sauti..." alisema, kwa sababu aliisikia ikichanika. Alisema, na moyoni alikuwa anaomba aendelee. Tusimfiche, ndivyo alivyokuwa.

"Niache. Mimi nilinyamaza nijaribu. Nilisema siku mbili hizi, na mtu wangu mwenyewe, nione kama atanijua bila mdomo. Jana nikataka maji, ukaniletea shuka. Leo nikataka tutembee, nimekushika na mkono, ukaniachia ukaenda kukohoa." Akavuta pumzi, na pumzi yenyewe ikapiga mluzi. "Na kingine, nilikuwa naibana hii iliyobaki. Kesho tukipita kwa binti nilitaka niweke mdomo kwenye lile tumbo, nimwambie mtoto neno moja. Moja tu, anisikie. Sasa ona. Nimeimalizia kwa bata."

"Bado ipo. Nyamaza sasa, itabaki ya kesho."

"Sikiliza kwanza." Sasa ilikuwa imeshuka, ilitoka vipande vipande. "Ile meza yako inatazama ukuta. Naiogopa meza ile kuliko kisu cha daktari. Nikianguka jikoni? Nikiungua? Miaka thelathini na miwili nakuita mara tatu ndipo unageuka. Kuanzia Jumatatu nitakuita vipi, Fundi?"

Akataka kuongeza neno. Midomo ikatembea, mishipa ya shingo ikasimama, ukatoka upepo. Akajaribu tena. Upepo. Akajishika koo kwa mikono miwili, akamtazama mumewe kwa macho ya mtu aliyefunga mlango akakumbuka ufunguo uko ndani.

Fundi alimkumbatia. "Nyamaza, nyamaza," akambembeleza, na papo hapo akajiona mjinga, maana hilo ndilo neno la kumwambia mtu kama huyu? Mwanamke alilia kifuani mwake bila mlio, na shati likalowa, na yeye hakuwa na la kufanya isipokuwa kuliacha lilowe.

Hata hivyo, tuseme kweli, ndani yake palikuwa na kitu kimoja alichokishikilia. Ilikuwa imo. Chini ya kofia ilikuwa imo yote, bata, viatu, dada anayeunguza maji, yote. Mtoto ataisikia sauti ya bibi yake hata kama si tumboni. Alipokuwa anakizima kinasa sauti hakukijaribu hata kidogo, akakiogopa kama yai. Alipanga kumwambia mkewe kesho wakiwa njiani. Atakasirika, kisha atafurahi.

Jioni yote walikaa wameshikana mikono. Kila alipojaribu kusema, Tarumbeta alifungua mdomo, akaufunga.

Jumapili asubuhi mkewe alikuwa jikoni anachemsha chai ya maziwa. Fundi akaona ahakikishe kwanza, kabla ya kumpa habari njema asije akampa kitu kibovu. Ufundi ni ufundi. Akachukua taulo lake lenye mzigo, akaenda mpaka mwisho wa gati, akakaa miguu ikining'inia juu ya maji, mgongo ameupa nyumba. Akarudisha kanda mpaka mwanzo. Akabonyeza. Akaweka sikio.

Kimya. Hakushtuka, alijua mwanzo pangekuwa na kimya, kwani jana alikiwasha dakika kadhaa kabla hajaitwa. Akasubiri. Akafumba macho. Tangu azaliwe hakuwahi kusikiliza kitu namna ile, kwa mwili mzima. Upepo ukapita kwenye matete. Ndege akalia, akalia tena. Akazungusha kitufe cha kuongeza sauti, kimya kikabaki kilekile. Dakika zikaenda.

"Mbona husemi, Mama?" akakiuliza kinasa sauti, kwa upole, kama kinasikia.

Na kilikuwa kinasikia. Alifumbua macho akatazama vitufe. Kile cha kuchezea kilikuwa chini. Na chekundu, pacha wake, kilikuwa chini vilevile.

Lo! Alikipiga kofi kikanyamaza. Akakaa amekishika mapajani, vidole vyake viwili akivitazama kama vya mtu mwingine. Hakuna aliyevituma. Vilikwenda vyenyewe, kama miaka yote. Akatamani avikate avitupe ziwani, na hata hilo lisingemsaidia kitu.

Akarudisha kanda. Safari hii alibonyeza kitufe kimoja, kwa kidole gumba, polepole, kama mwanafunzi. Ikacheza. Pumzi zake mwenyewe. Upepo kwenye matete. Ndege, mara mbili. Dakika baada ya dakika za mzee anayepumua. "Mbona husemi, Mama?" Kofi. Kisha, baada ya mlio mdogo wa kukatika, ikatoka ile ya mikwaruzo:

"...mara tatu ndipo unageuka. Kuanzia Jumatatu nitakuita vipi, Fundi?"

Halafu upepo, na upepo tena, na kelele yake ya kijinga, nyamaza, nyamaza.

Hiyo ndiyo iliyobaki. Bata hawakuwemo. Mjukuu hakuwemo. Angempelekea mtoto nini sasa? Bibi anauliza swali, babu hana jibu? Akairudisha ile sehemu, akaicheza. Akairudisha, akaicheza. Kila mara alijiambia labda kuna neno zaidi kabla ya "mara tatu", labda sikio halikushika. Hapakuwa na neno. Machozi yalimdondokea mikononi na yakaingia kwenye vitufe, na yeye fundi, anayewakataza wateja hata kupitisha kikombe cha maji juu ya meza yake, hakuyafuta. Mara ya saba, mara ya nane. Nitakuita vipi, Fundi. Nitakuita vipi.

Aligeuka kwa sababu ya shingo tu. Ilikuwa imemkaza.

Tarumbeta alikuwa amesimama katikati ya gati, hatua saba nyuma yake, ana kikombe cha chai kwenye sahani. Chai ilikuwa imeshika utando juu, mzito, wa chai iliyosahaulika. Alikuwa pale tangu lini, Fundi hakujua. Kinasa sauti kilikuwa bado kinazunguka, kikafika tena palepale, na sauti yake mwenyewe ikamuuliza mumewe swali lake mbele yake. Akalisikia mpaka mwisho. Akausikia na upepo.

"Imefutika," Fundi akasema. "Mama, nimeifuta. Ilikuwepo yote, kwa ajili ya mtoto, na mimi kwa mkono wangu..." Alisubiri apigwe nacho, kama alivyoahidiwa. Aliomba apigwe nacho.

Hakumpiga. Alimwendea, akachuchumaa, akaweka kikombe na sahani juu ya mbao karibu na goti lake. Akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake. Kisha akasimama, akarudi hatua zake saba palepale alipokuwa, akahakikisha anatazamwa. Akanyanyua mguu, akapiga kisigino kwenye gati. Akapiga tena. Akapiga tena. Halafu akainua mkono akamwonyesha vidole vitatu.

Gati lilitikisika lote, mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Fundi alikuwa amekaa juu ya mbao hizohizo muda wote ule, na hakuwa amesikia kitu.